Mistari Isiyotaka Kuisha

Wageni wa arobaini ya Hajati Zubeda walipoanza kupungua, Hassani alikuja upande wetu wa wanawake, akasimama kwa mbali kama inavyotakiwa, akatuita mimi na Athieno kwa mkono. Alitaka tukione chumba cha nyuma. Hajati alikuwa shangazi yake, na nyumba sasa ameirithi yeye. Chumba kile siku hizi kinawekwa viti vya plastiki na masufuria ya shughuli, lakini dirisha ni lile lile, linatazama yadi ya Busia ambapo malori husubiri kuvuka kwenda Kenya, na harufu ya matairi bado iko ukutani. Zamani palikuwa stoo ya matairi kabla hatujaingia sisi na meza yetu. Athieno alikuwa ameshuka Entebbe juzi tu kutoka Ulaya, koti lake bado linanuka ndege. Akagusa pale meza ilipokuwa. "Nabwire," akaniambia, "bado unaogopa kompyuta?" Nikamwambia naiogopa, ila siku hizi tunasalimiana. Hassani akacheka mpaka akakumbuka yuko msibani, akafunika mdomo. Kutoka hapo tuliongea mpaka adhana ya alasiri, watatu tumesimama kati ya viti, na nilipofika nyumbani nikaona niuandike mwaka ule kabla hatujaanza kuusahau kila mtu kwa namna yake.

Naandika kwa woga kidogo. Mimi niliishia kidato cha nne, na jambo lenyewe ni la watu waliosoma. Nikilieleza vibaya, ubaya ni wangu, si wa Athieno aliyenifundisha. Nimewauliza wote wawili nilipokuwa sina uhakika, na pale wanapopingana na daftari langu la siku zile nitasema. Tulikuwa tunatengeneza sanduku la kuchambua mahindi. Mahindi yenye ukungu yalikuwa yanarudishwa mpakani, gunia zima kwa punje chache, na Athieno, aliyetoka chuo kikuu na digrii ya umeme, alikuwa na wazo kwamba mashine inaweza kuziona hizo chache. Punje zinateremka kwenye mfereji wa bati, kamera inapiga kila moja picha, na mbovu inapulizwa na hewa ianguke sinia la pembeni. Hassani aliandika programu. Alikuwa amejifunza mwenyewe, jioni jioni, baada ya miaka ya kazi ya kliaring, yaani kuyapitishia malori karatasi zake ofisi baada ya ofisi mpaka kizuizi kinainuliwa. Mimi niliajiriwa kuchambua kwa mkono. Nilikaa dirishani na trei mbili, nzima huku, mbovu huku, ili mashine ijifunze kutoka kwa macho yangu. Nilikuwa naijua kazi hiyo, na sikutegemea kwamba ningeombwa kujua nyingine.

Hajati alitulisha. Siwezi kuelezea mwaka ule bila kusema hivyo. Asubuhi chai ya maziwa iliyojaa tangawizi na chapati zilizokunjwa kwenye kitambaa. Mchana ugali wa wimbi na mukene, wale dagaa wa ziwani, au maharagwe ya nazi kama jamaa yake wa Mombasa amepita. Hakuuliza mashine inafanya nini. Aliuliza kama inakula. "Hiyo sanduku yenu imeshiba leo?" angesema akiingia na birika, na Hassani angejibu, "Shangazi, ndiyo tatizo, imeshiba mno." Ilikuwa kweli, na hapo ndipo shida yetu ilipokuwa.

Ubongo wa sanduku ulikuwa chip ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Hassani akishaandika maagizo yake, kulikuwa na programu nyingine, kompaila, ambayo kazi yake ilikuwa kuyageuza yale maagizo kuwa njia za umeme ndani ya chip. Sasa mashine haitazami punje mara moja kama mimi. Inaitazama kwa hatua: kwanza kingo zake, halafu rangi, halafu madoa, halafu inahukumu. Kila hatua inatoa namba nyingi, na namba hizo lazima zikae mahali mpaka hatua inayofuata izichukue. Mahali hapo pa kukaa kwa muda walipaita bafa, na bafa zote zinakatwa kutoka memori moja ya chip, ambayo ni ndogo. Kompaila ilikuwa inakataa. Kila mara ilirudi na neno lile lile: memori haitoshi.

Pamoja na kukataa, ilikuwa inatoa picha. Chombo cha uchambuzi, Athieno alikiita hivyo, kilichora jinsi memori ilivyogawanywa. Kila bafa ilikuwa mstari mnene wa rangi. Kutoka kushoto kwenda kulia ni muda, tangu punje inapopigwa picha mpaka inapohukumiwa. Kutoka chini kwenda juu ni nafasi ndani ya memori. Juu palikuwa na mstari mwekundu mwembamba, mwisho wa chip, na rangi zetu zilikuwa zimeuvuka mbali kabisa. Kompyuta yenye nguvu ya kuendesha kompaila ilikuwa Tororo, katika chuo ambako Athieno alifundisha siku chache kwa wiki, kwa hiyo tulikuwa tunapeleka kazi Tororo na kurudisha picha Busia. Alinifundisha kuisoma picha kwa sababu alihitaji mtu wa tatu wa kutumwa. Nilikubali kwa kutikisa kichwa, na kwa wiki nyingi nilidhani rangi nyingi ni dalili nzuri, kwamba chip inafanya kazi kwa bidii.

Niseme pia kilichokuwa kinanisubiri. Pasipoti yangu ilikuwa tayari kwa ajenti huko Kampala. Nilikuwa nimekubali kwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani kama kazi ya Busia ingeisha. Sitaki kuwasingizia watu: najua wasichana wa kwetu waliokwenda wakarudi wazima, na mmoja ana duka zuri mpaka leo. Najua pia mmoja aliyerudi na hataki kuulizwa. Mimi sikutaka kwenda, na sikuwa na sababu ya maana ya kumpa mtu. Nilikuwa naamka tu kabla ya jogoo, nahesabu siku. Na kazi ya Busia ilikuwa imeshikiliwa na mtu mmoja, Mama Egesa, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wakulima wa Masinya. Mahindi ya kujaribia yalikuwa yao, na wafadhili waliokuwa wanatupa pesa walitupa kwa sababu ya kikundi hicho. Alikuja siku ya soko, akasimama mlangoni bila kuingia, gomesi yake, lile gauni refu la heshima, imefungwa vizuri kiunoni. "Mahindi nakauka," alisema. "Ikikauka sisi naleta. Kama mashine inakataa, tunauza kwa yule mchuuzi kama siku zote. Nyinyi mtafuta kazi ingine, bambi." Alisema bila ukali, na hilo "bambi" lake ni la kutuonea huruma, na alikuwa na haki. Mahindi hayasubiri. Alipoondoka, Athieno akasema yeye atarudi Kampala, Hassani akasema kliaring ipo, na wote wawili wakanitazama mimi, wakaacha kunitazama.

Athieno akaanza kupunguza picha ya punje. Ilikuwa na akili: picha ndogo, namba chache, bafa ndogo. Rangi zikashuka, bado juu ya ule mwekundu. Akapunguza tena. Zikashuka tena. Tulifurahi siku mbili tatu, mpaka nilipoweka punje zangu mbovu chini ya kamera, sanduku likiendeshwa kwa majaribio na kompyuta ya Hassani badala ya chip, na likazipitisha. Ukungu wa mahindi huanzia pale punje iliposhika gunzi, kidoa tu, kama majivu kwenye ncha ya kiberiti. Kwenye picha ndogo kidoa kile hakikuwepo. Athieno alikaa akaangalia ile trei, akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo tumetengeneza mashine kipofu ambayo bado haiingii kwenye chip." Sikuwahi kumsikia akijisema hivyo.

Halafu akashikwa na malaria. Hajati alimlaza chumbani kwake mwenyewe, akakataza kazi, lakini hakuweza kukataza simu. Mimi nilikuwa nimetumwa Tororo. Nilikaa katika kile chumba cha kompyuta peke yangu, mchana wa jua kali, dirishani ule mwamba wa Tororo umesimama juu ya mabati ya mji, na kompaila ikamaliza na kukataa kama kawaida. Nikapiga simu. Athieno akawasha spika ili Hassani asikie.

"Soma," akaniambia, sauti nyembamba kama uzi. "Nimelala, siwezi kuona picha, kwa hivyo nisomee kila kitu. Mstari wa kwanza unaanza wapi?"

"Kushoto kabisa."

"Unaishia wapi?"

"Kulia kabisa."

"Hapana, Nabwire. Ule wa kwanza. Wa kingo za punje."

"Ndio huo. Umefika ukingoni."

Nikasikia Hajati nyuma: "Mgonjwa anywe uji kwanza. Hiyo mistari haikimbii."

"Wa pili?"

"Unaanza mbele kidogo. Unaishia ukingoni."

"Wa tatu?"

"Unaanza mbele zaidi. Unaishia ukingoni. Wa nne vile vile. Yote, Athieno. Inaanza mahali mbalimbali lakini hakuna unaoisha. Inapangana tu juu ya mwenzake."

Nilidhani mtandao umekatika, maana pale mpakani simu inahangaika kati ya nchi mbili. Halafu Athieno akasema polepole kwamba mstari wa kingo ungepaswa kuisha mara tu hatua ya rangi inapozichukua zile namba, na nafasi yake ndani ya memori apewe mwingine. Hiyo ndiyo kazi ya kompaila, kumpa mwingine nafasi ya aliyemaliza. Kama haufupishwi, ni kwa sababu kuna mtu ameiambia kwamba namba zile bado zinahitajika. "Nani anazihitaji mpaka mwisho?" akauliza, si kwa kumuuliza mtu.

"Subiri," Hassani akasema. "Nabwire, usisome tena. Hizo ni kopi zangu."

Asiyekaa Busia huenda asielewe, kwa hiyo naeleza. Mtu wa kliaring hatupi kopi. Akipita meza ya kwanza anabaki na kopi ya meza ya kwanza, ya pili vile vile, na anazibeba zote kwapani mpaka lori limevuka, kwa sababu meza ya mwisho inaweza kukuuliza cha meza ya kwanza na kama huna unarudi mwanzo. Hassani aliwahi kumwona mama mmoja amekaa chini ya lori lake la vitunguu, vitunguu vinachuruzika maji, kwa ajili ya kopi moja iliyotupwa na kijana wa ofisi. Tangu hapo hakutupa karatasi. Alipokuja kuandika programu, akaagiza kila hatua itunze matokeo yake mpaka punje imalize kuhukumiwa, ikiwa mtu atauliza. Hakuona kama ni jambo la kutuambia. Ilikuwa kwake kama kufunga mlango ukitoka. Kompaila ilimtii tu. Na kwa haki niseme kwamba Athieno aliitazama ile picha mara nyingi kuliko mimi, lakini alikuwa anatazama urefu wa kwenda juu, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na shida, na mimi nilikuwa natazama rangi. Ncha za kulia hakuzitazama mtu mpaka siku Athieno alipokuwa hana macho ila yangu.

Niliporudi Busia jioni ile niliwakuta wanabishana. Daftari langu linasema Hassani alikasirika. Yeye anasema hakukasirika, alikuwa anaongea kwa nguvu kwa sababu kwinini ilikuwa imemziba Athieno masikio. Naweka yote mawili.

"Mwenye mahindi akiniuliza kwa nini punje yake imetupwa," alikuwa anasema, "nimjibu nini? Kwamba kompyuta imesema? Mimi najua meza za namna hiyo. Nimesimama mbele yake miaka."

"Lakini nani atazisoma hizo kopi zako?" Athieno amejifunika blanketi mpaka kidevuni. "Mimi mwenyewe siwezi. Ni namba za katikati. Si picha ya mtu kuisoma."

"Zipo. Zikiwepo, kuna siku."

"Kuna siku gani, Hassani? Kikundi kinakuja na magunia!"

Sikujua niko upande gani, na hata sasa nikiwaza naona Hassani alikuwa ameshika kitu cha kweli. Mashine inayohukumu bila kuulizika si kitu cha kumpelekea mkulima. Na Athieno pia alikuwa ameshika kitu cha kweli: mashine isiyoingia kwenye chip haimhukumu mtu wala haimsaidii. Hajati aliwasikiliza kutoka mlangoni, akisugua sufuria. "Sasa mnagombana juu ya mtu ambaye hamjamuuliza," alisema. "Huyo mama wa Masinya si anakuja sokoni kesho?"

Kwa hiyo Hassani alizichapa zile kopi, za punje moja mbovu, hatua zote, na kesho yake akazipanga mezani mbele ya Mama Egesa, ambaye safari hii alikubali kuingia na kukaa. Alizitazama moja moja. Aliigeuza moja juu chini. "Hii nini? Moshi?" Hassani akamwambia ni punje, ni kingo zake. "Punje gani inafanana hivi? Mimi naona hapana kitu." Hassani akajaribu ya rangi, akajaribu ya madoa. Mama Egesa alikuwa mpole. Alizikusanya, akamrudishia kwa mikono miwili kama unavyomrudishia mtu mtoto wake. "Mwanangu, ukinionyesha hii mimi nitasema ndiyo, ndiyo, halafu nikienda nyumbani nitasema wale watu wa Busia nanidanganya. Nipe punje yenyewe. Iko wapi punje?"

Punje ilikuwa kwenye sinia la pembeni. Kuna mfuniko tulikuwa tumeuweka juu ya sinia lile, ili zilizokataliwa zisirukie nje. Athieno akainuka na blanketi lake, akautoa. Mama Egesa akachukua punje mbovu akaiweka kwenye kiganja, akaiona ncha yake ya kijivu, akaitupa. "Basi hii wacha wazi," akasema. "Na mimi nasimama hapa, karibu."

Hassani alizifuta kopi zake kwenye programu yeye mwenyewe. Hakutaka Athieno amfanyie. Alizifuta moja baada ya nyingine akitamka jina la kila hatua, na mimi sikucheka, ingawa Hajati alicheka. Athieno akairudisha picha ya punje kwenye ukubwa wake wa kwanza, ule wa kuona kidoa. Siku ya Tororo tulikwenda wote watatu. Kompaila ilichukua asubuhi nzima. Tulikula kalo, ule ugali wa wimbi, na mchuzi wa karanga kwenye kibanda nje ya chuo, na hakuna aliyemaliza sahani yake, hata mimi ambaye sijawahi kuacha karanga. Tuliporudi picha ilikuwa imefunguka yenyewe kwenye skrini.

Ilikuwa fupi. Mistari ile ile, rangi zile zile, lakini sasa kila mmoja ulianza, ukaenda kidogo, ukaisha, na pale pale ulipoishia, chini, nafasi ile ile, mwingine ulikuwa umeanza. Ule mwekundu ulikuwa juu peke yake, na kati yake na rangi zetu palikuwa na sehemu nyeupe. Tulikuwa na nafasi ya kubaki. "Banange," Athieno akasema, kama mtu anayesema jamani, akakaa sakafuni. Hassani alisogea karibu na skrini, akafuatisha ncha ya kulia ya kila mstari kwa kidole, bila kuigusa. Mimi nilitaka kusema kitu kizuri na nikasema, "Mbona ni peupe?" Wamenikumbusha juzi, kati ya viti vya plastiki. Nilichokuwa nasikia ni kama mtu amefungua kanga iliyokuwa imenibana mbavuni kwa miezi na mimi nilishasahau kwamba nimeivaa.

Wanawake wa Masinya walileta magunia kwenye stoo ya nafaka pale Tororo, karibu na reli, ambako tulikuwa tumelihamishia sanduku. Mama Egesa alisimama karibu na sinia lililo wazi kama alivyoahidi, na kila punje iliyopulizwa aliichukua. Nyingi aliziachia. Chache alizishika. "Hii nzima," angesema. "Na hii. Nabwire, wewe tazama." Nilitazama, na zilikuwa nzima, sanduku lilikuwa limezionea. Niliogopa, nikamtazama Athieno, na Athieno akasema waziwazi mbele yao wote kwamba ni kweli, itakosea hivyo, na nzima zinaweza kurudishwa kwa mkono. Hassani naye hakujitetea. Akavuta stuli, akaiweka kando ya sinia kwa ajili ya yeyote mwenye mahindi atakayetaka kukaa na kubisha. Mama Egesa akakaa. Alibisha karibu kila gunia, akashinda mara kadhaa, na gunia la mwisho lilipokwisha akawaambia wenzake kwa Kisamia, lugha ya kwao, kitu ambacho kwa Kiswahili ni kama, tuwaletee na yale yaliyobaki nyumbani.

Nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, nikampigia simu ajenti kumwambia siendi tena. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kuomba radhi. Hakuyahitaji. Alikuwa na haraka lakini hakuwa mtu mbaya, sitaki kumfanya mbaya. Aliniambia nipite kuchukua pasipoti yangu wakati wowote ofisi ikiwa wazi. Nikamuuliza kama nimemharibia mipango.

"Hapana, nyabo. Nafasi yako haikai bure. Kuna mwingine ataingia pale pale."

"Nani?"

"Hata kama nakuambia, utamjua?"

Nikamwambia asante. Ndani ya stoo Hajati, aliyekuwa amekuja na birika lake kutoka Busia, alikuwa ananiita chai inapoa, na nikaona njaa kwa mara ya kwanza siku ile. Nilikunywa vikombe viwili. Kila nikiwaza mwaka ule nafurahi kwamba nilibaki, na sijawahi kutaka ingekuwa vingine. Ila msichana yule aliyeingia kwenye nafasi yangu sikumjua jina, wala kwao, na mpaka leo nikisali kwa ajili ya watu wangu namtaja yeye mwishoni, hivyo hivyo bila jina.